Mgao Wangu Wapeni Wadogo

Jumamosi, 3 Mei 2025

Mabil amenipiga picha leo nyuma ya kanisa, kwenye ukuta wa bati. Mabil ndiye mwenye studio ya picha hapa kambini Kakuma, na ndiye anayetuma picha za wasichana kwa mama mmoja wa Nairobi, wakala, anayewapeleka Ulaya kuwa wanamitindo. Akasema simama tu, usicheke. Nikasimama. Urefu huu ambao shuleni waliuita mlingoti — leo ndio unatafutwa!

Jibu limekuja kabla sijafika nyumbani. Uso, sawa. Miguu, sawa. Rangi, sawa kabisa. Nyonga, bado pana. "Kidogo tu, sista," Mabil akasema, akaonyesha kwa vidole kipande cha hewa, kama mtu anayepima chumvi.

Kidogo tu. Nitaweza.

Niandike na hili. Miaka yote kwenye TV ya saluni warembo ni weupe, na tangazo likija ni la sabuni ya kung'arisha. Mwaka jana Inès, ninayesuka naye pale saluni kwa shangazi yake, akaniwekea simu mbele ya uso. Msichana mweusi kama mimi, shingo ndefu kama yangu, anatembea kwenye taa na wazungu wanasimama kumpigia makofi. Nilienda kulia chooni. Sikujua kama mtu anaweza kulia kwa jambo la namna hiyo.

Alhamisi, 8 Mei

Siku ya mgao. Mama amerudi na gunia amelishika kwa mkono mmoja. Zamani tulikuwa tunakodi toroli.

Kapika walwal, ule mtama wa punje, bila maziwa. Nikasukuma sahani yangu kwa wadogo zangu, Nhial na Lony. Wapeni hawa, mimi nimekula saluni. Mama alinitazama kitambo. Baadaye nikamsikia akimwambia jirani kupitia uzio wa miiba kwamba binti yake amekuwa mtu mzima, anajinyima ili wadogo wale.

Nikajisikia vizuri. Halafu vibaya. Halafu vizuri tena.

Jumapili, 25 Mei

Jamani! Mchungaji amenitaja. Si kwa jina, ila kila mtu aligeuka. Eti kuna binti mmoja katikati yetu ambaye mgao ulipokatwa hakunung'unika, akafunga, akawaachia wadogo. Kina mama wakanishika mkono mlangoni. Mmoja akasema mifupa yangu ni ushuhuda.

Mimi sijafunga kwa ajili ya Mungu. Mungu anajua. Mbona amenyamaza?

Jumatano, 4 Juni

Simu imenijua. Mwanzo nilikuwa natafuta mwenyewe, sasa inaniletea tu. Nikifungua: msichana anaonyesha anachokula siku nzima. Mwingine anazungusha vidole kwenye mkono wake, vinakutana. Mwingine mbele ya kioo, upande, upande, upande. Bando linaisha haraka. Hawa hawasemi usile. Wanasema jipende. Najua vizuri wanachomaanisha.

Leo Inès kanichekesha mpaka mbavu zimeuma. Yeye ni Mrundi, mfupi, mviringo, mzuri wa kumtazama, lakini simu yake inamwambia mambo mengine kabisa. Video za kwake zote ni za makalio. Kanunua vidonge vya kunenepesha kwenye kibanda, vya kuongeza hamu ya kula. Anavimba uso na analala ovyo. Amesinzia akiwa na kichwa cha mteja mikononi! Mteja akapiga kelele. Shangazi akatutukana kwa Kirundi.

"We Nyakong," akaniambia tukifagia nywele, "hebu tubadilishane. Chukua mwili wangu, unipe wako, kila mtu aende kwao."

Tukacheka. Kisha akanishika kiwiko na hakucheka tena. Akasema mkono wangu ni wa baridi. Baridi, kwa jua hili la Kakuma? Nikamwambia aache vidonge vyake kwanza.

Jumanne, 17 Juni

Nywele zinatoka kwenye kitana. Zangu, si za mteja.

Sina la kuandika. Kichwa kinavuma.

Jumatano, 25 Juni

Picha mpya. Mabil alipandisha kamera, akaishusha, akapandisha tena. "Sasa hapo!" Akasema mifupa ya uso imetoka, mwanga unashika vizuri. Kanipima na tepu ya fundi kiunoni na kwenye nyonga, akapiga mluzi. Zimetumwa Nairobi.

Nilidhani nitafurahi zaidi ya hivi. Nilirudi nyumbani nikipumzika kwenye kila kivuli. Usiku wote nimejiangalia kwenye zile picha, na bado nyonga naziona. Mabil hazioni. Tepu haizioni. Mimi naziona.

Ijumaa, 27 Juni

Sitaki kuandika haya lakini nitaandika.

Tangu wiki iliyopita Mama amekuwa akiniwekea bakuli langu pembeni, limefunikwa, maharagwe na kisra mbili, ile mikate myembamba ya mtama. Anasema hili ni lako peke yako, wadogo wameshakula. Anasimama. Siwezi kumrudishia. Basi nachukua bakuli natoka nalo, nasema nje kuna upepo. Nyuma ya choo kuna mbuzi wa jirani.

Leo nimegeuka, Mama yuko nyuma yangu.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alimtazama mbuzi mpaka akamaliza. Aliinama akaokota bakuli, akalipangusa kwa kanga yake, akaingia ndani.

Nhial ndiye aliyeniambia, huku akivuta kamasi. Eti Mama hali chakula cha jioni siku hizi. Anasema Nyakong amekonda kwa ajili yenu, sasa zamu yangu kukonda kwa ajili ya Nyakong.

Ilikuwa sehemu yake. Nimempa mbuzi chakula cha Mama.

Jumatano, 2 Julai. Lodwar

Niko wodini. Nilianguka Jumatatu kwenye foleni ya maji. Nakumbuka jerikeni, halafu nakumbuka dari ya ambulansi. Kliniki ya kambi walisema moyo unapiga polepole mno, nipelekwe Lodwar. Mama hakuruhusiwa kupanda, mpaka apate kibali cha kusafiri. Alibaki amesimama barabarani na viatu vyangu mkononi.

Wameniuliza maswali. Nyumbani mko wangapi? Mgao unatosha? Mnakula mara ngapi? Nikajibu kila kitu na kila kitu kilikuwa kweli. Daktari, anaitwa Ethuro, kijana wa hapahapa Turkana, akaandika. Akatikisa kichwa kwa huruma. Nimezoea hiyo huruma. Nimeishi ndani yake miezi miwili kama ndani ya nyumba.

Jioni alirudi. "Ejok?" akanisalimia kwa Kiturkana. Nikamjibu ejok-noi, akatabasamu kuona Mnuer kama mimi anajua salamu yao. Kisha akaona sahani. Wali na ndengu, haijaguswa, nimeifunika na kitambaa vizuri kabisa.

Akavuta kiti. Akasema polepole, "Nyakong, asubuhi sikukuuliza vizuri. Niliuliza kama chakula kipo. Sikuuliza kama unakitaka."

Nikatazama ukuta. Ukutani kulikuwa na mjusi. Nikamwambia mjusi: ninakitaka. Ninakiota. Lakini nikikila naogopa.

Ndiyo mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Lilikuwa jambo dogo sana likishasemwa. Nikatokwa na machozi, naye akangoja tu, hakunipiga bega wala nini.

Nikamweleza simu, Mabil, nyonga, mchungaji. Akasema huu ni ugonjwa, una jina, na unatibika, ila si kwa siku moja na si kwa kugombezwa. Akasema amezoea kuona watu wanaonyimwa chakula, macho yake yakaniona nami nikiwa mmoja wao. Kuna dada wa ushauri anakuja Alhamisi. Chakula nianze kidogo kidogo, mwili ukishtuliwa unaweza kugoma.

Kidogo tu. Neno lilelile! Safari hii nililisikia tofauti.

Ijumaa, 4 Julai

Mama amefika. Amekuja na chupa ya uji, kanga safi, na viatu vyangu. Nhial na Lony wako kwa shangazi yake Inès. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ya mbuzi.

Daktari Ethuro alitaka kumweleza kwa Kiswahili, nikasema hapana, nitamweleza mimi kwa Kinuer. Ilichukua muda. Kinuer chetu hakina maneno ya mambo haya. Nilisema: Mama, sikuwa najinyima kwa ajili ya wadogo. Ilikuwa kwa ajili ya hawa. Nikampa simu.

Aliishika kwa mikono miwili. Nikamsogezea picha moja moja. Alizitazama sana, midomo inasogea.

"Huyu ni wa watu gani?"

Nikasema wa kwetu, Mama. Wengi ni wa kwetu.

"Mama yake yuko wapi?"

Sijui. Labda Juba. Labda kambini kama sisi.

"Anajua kama mtoto wake amefika hivi?"

Nikaelewa! Alidhani namwonyesha wagonjwa wenzangu. Nikamwambia taratibu kwamba hapana, hao ndio warembo, hao ndio wanaopigiwa makofi. Muuguzi akapita na toroli la dawa, akarudi, Mama bado anaitazama ile picha.

Halafu akaniambia kitu ambacho sikuwa nakijua. Tulipokimbia vita nilikuwa na miaka saba, nikapata malaria njiani, akanibeba mgongoni hadi mpakani, Lokichoggio. Najua hiyo sehemu, kila mtu nyumbani anaijua. Sikujua hii nyingine: kwamba kila asubuhi akiniinua alikuwa anaomba niwe mzito kuliko jana. Njia nzima mgongo wake ulikuwa unaomba uzito. Asubuhi moja nikawa mwepesi, akakaa chini akakataa kutembea, mpaka mwanamke mwingine akaja kuninywesha maziwa ya ngamia.

"Mimi sijui kupima nyonga," akasema. "Kipimo changu kilikuwa kile."

Nikaomba msamaha kwa ajili ya bakuli. Akasema mbuzi naye alikuwa na njaa. Tukacheka, wote wawili, vibaya, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

Nimekunywa uji. Si wote. Baada ya hapo nililala kifudifudi, kitu kichwani kikinitukana kwa sauti yangu mwenyewe. Mama akaweka mkono mgongoni kwangu na kuuacha hapo.

Jumapili, 6 Julai

Asubuhi wamenipima. Nimeongezeka, kidogo. Daktari Ethuro amefurahi, akaniuliza mimi nimejisikiaje. Nikasema ukweli: nimetaka kukimbia. Akasema vema, hata hilo tuliandike. Mama, nilipomtafsiria, alipiga kigelegele wodini. Aibu! Muuguzi akamwambia shh na yeye mwenyewe akicheka.

Dada wa ushauri amesema nifute zile video kwenye simu. Nimefuta baadhi. Yule wa kwanza, niliyemlilia chooni, nimeshindwa. Yeye hakuniambia nikonde. Yeye aliniambia tu kwamba nipo.

Inès amepiga. Amemwaga vidonge chooni, anasema, sasa analia kwa sababu suruali mpya haijai. Sijui kama nimwamini. Tumekubaliana kila mmoja amwamini mwenzake kwa wiki moja halafu tuone.

Sasa hivi ni saa za mchana. Kumetulia. Mama amekaa sakafuni kwenye ubaridi, chupa ya uji iko mapajani. Simu imelia ujumbe.

Ni Mabil. Herufi kubwa tupu, na moto na nyota. WAMEKUCHUKUA SISTA! Chini yake kaweka maneno ya yule mama wa Nairobi, kwa Kiingereza. Wamezipenda picha za mwisho. Karatasi za safari zinaanza kushughulikiwa. Nibaki hivi hivi nilivyo kwenye picha, nisiongeze chochote, watanipima tena mwezi ujao.

Picha za mwisho. Zile za wiki niliyokuwa napumzika kwenye kila kivuli. Siku chache tu kabla moyo wangu haujachoka.

Nimesoma mara tatu. Moyo ukaruka — kwa furaha! Siwezi kusema uongo hapa. Ulaya. Nhial na Lony wana viatu. Mama ana nyumba ya mawe. Na kile kitu kichwani kikakaa wima kama mbwa aliyesikia jina lake.

Mama ameniona. Amekomea hapo hapo na kifuniko mkononi. Yeye hasomi, na Kiingereza si chake. Ameuliza simu inasema nini.

Nimemwambia subiri kidogo, naandika.

Nikimwambia wamenikubali, ni kweli. Nikimwambia wamenipenda nikiwa naanguka, nayo ni kweli. Zote mbili ziko kwenye ujumbe mmoja na zote lazima zipite mdomoni mwangu, kwa Kinuer, na sijui ianze ipi. Yeye ataamini ile nitakayoanza nayo.

Amemimina uji kwenye kifuniko, ameuweka kati yetu. Hanisukumii. Anatazama midomo yangu.

"Soma," amesema.