Hatua ya Saba

Jumapili, 6 Aprili

Zamu ya asubuhi tena. Basi limetuchukua kambini kwetu Al Thumama saa kumi na moja na nusu, kila mtu kalala mdomo wazi. Lusail kabla ya saa moja. Chini kabisa ya hoteli, chumba kisicho na dirisha, spika za masikioni, skrini. Huduma ya vyumbani, nikusaidie nini. Sauti yangu ya kazini siipendi. Tamu kama sharubati ya dukani.

Kati ya simu na simu nachora nukta na mishale nyuma ya karatasi za oda. Rowena, msimamizi wetu, anadhani nachora mapambo ya hina.

Majibu ya wahakiki yanatoka kesho.

Niyaandike mambo yalivyo, nisije nikajidanganya baadaye. Makala ni yangu na Dokta Mbwana, aliyenisimamia uzamili Dar. Yaani kazi ni tasnifu yangu, na jina lake ni la pili. Tumeipeleka kwenye mkutano wa mantiki na sayansi ya kompyuta, Ulaya, mwezi wa saba. Ikikubaliwa, profesa mmoja wa huko ana nafasi moja ya uzamivu kuanzia Oktoba. Ameniandikia waziwazi: makala ikipita, jopo lake halitabisha. Isipopita, mkataba wa hoteli unaisha Mei na Rowena ameshanipa fomu ya kuongeza miaka miwili. Iko chini ya godoro. Sijaijaza.

Jumatatu, 7 Aprili

Yametoka. Nimeyasoma chooni, kwa sababu simu haziruhusiwi kwenye chumba cha oda.

Wahakiki watatu. Hawajui mimi ni nani, ndivyo mkutano ule unavyofanya kazi: majina yanafichwa mpaka mwisho. Hilo nalipenda kuliko kitu chochote duniani. Kwa wiki kadhaa kuna watu watatu wanaonijua kwa kazi yangu tu. Si binti, si Mwafrika, si mhudumu.

Wa kwanza: kazi nzuri, safi. Wa pili: inashangaza, ikubaliwe. Wa tatu: anaelekea kukubali, ila waandishi wafafanue kidogo hatua ya saba ya uthibitisho, hakuielewa vizuri. Tuna mpaka Alhamisi kumjibu, maneno mia tano.

Nimetoka chooni nikapokea oda ya mayai ya kuchemsha. Nimecheka kwenye simu. Mgeni naye akacheka, maskini, bila kujua.

Nekesa, ninayelala naye chumba kimoja, amenikumbatia. Analinda mlango wa nyuma wa hoteli, amesimama saa kumi na mbili kila siku, na bado ana nguvu ya kumnyanyua mtu. "Prof! Ukienda huko kwa baridi usisahau sisi watu wa joto." Ananiita Prof tangu mwaka jana. Leo sikumkatalia.

Jumanne, 8 Aprili

Nianze mwanzo.

Kazi yangu inahusu michezo isiyoisha. Nukta, mishale, wachezaji wawili wanaosukuma kete milele. Ninachodai ni kwamba mchezaji anayeweza kushinda anaweza kushinda bila kukumbuka chochote. Anatazama nukta aliyosimama, anachagua mshale, basi. Alikotoka hakumhusu. Sharti la ushindi lina sehemu mbili, na hatua ya saba inasema sehemu hizo haziwezi kugombania nukta moja. Kila kitu kinachofuata kinakaa juu ya hilo.

Mgeni wa 1412 amefika wiki iliyopita na mama yake mgonjwa. Kila siku anapiga mara mbili kwa maneno yale yale: lete kama kawaida. Asubuhi kawaida ni uji wa mama. Jioni kawaida ni kahawa na tende. Leo kapiga saa nane mchana. Skrini inaonyesha namba ya chumba tu, oda iliyofungwa inafutika. Simu za chumba kile nilikuwa nimezipokea kutoka kwa mwenzangu dakika chache tu kabla. Nikaagiza apelekewe uji. Alikuwa ameshapelekewa uji muda mfupi kabla, leo kachelewa kuamka, na sasa alitaka kahawa. Amepiga tena kunifokea. Hukumbuki? Hukumbuki hata kidogo?

Chumba kile kile. Sauti ile ile. Jibu sahihi linategemea kilichotangulia.

Nimegeuza karatasi. Nukta tano, mishale saba. Katikati kuna nukta moja ambayo sehemu zote mbili za sharti zinaihitaji, na kila ukipita hapo lazima ukumbuke mara iliyopita ulikwenda upande gani. Usipokumbuka unashindwa.

Hatua ya saba ni uongo.

Nimeipitia mara sita. Uongo, uongo.

Jumatano, 9 Aprili

Nimejaribu kuiziba. Nikibana sharti, nukta tano zinakufa lakini matokeo yanabaki ya kitoto, yanajulikana tangu kabla sijazaliwa. Nikilegeza, zinazaliana.

Mhakiki wa tatu hajaona. Ameuliza tu kama mtu anayeomba chumvi. Aya mbili za maneno mazuri zingemtosha. Naweza kuziandika nikiwa nimefumba macho. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba naweza.

Nimempigia Dokta mchana, wakati wa mapumziko, nimesimama kwenye mlango wa mizigo kati ya makreti ya nyanya. Shikamoo Dokta. Marahaba, mwanangu. Nimemweleza. Akasema: "Zuhura, umeulizwa swali dogo. Jibu ulichoulizwa. Usijibu ambacho hujaulizwa."

Nikasema ni kosa, Dokta, si swali dogo.

"Tutarekebisha kwenye toleo la mwisho. Watu wote wanafanya hivyo. Kutoka kwetu nani amewahi kupita mkutano ule? Nitajie mmoja. Na wewe unataka kwenda kuwaambia wasitupokee?"

Nimekata simu, nikarudi chini.

Ningependa kumchukia lakini siwezi kikamilifu. Huyu ndiye aliyenifungulia ofisi yake Jumamosi na Jumapili nilipokosa mahali pa kusomea. Ndiye aliyenipa vitabu vyake, akasema usirudishe. Na ndiye ambaye kwenye fomu ya mkutano, mahali pa chuo au taasisi nilipopaacha wazi, alijaza chuo chake mara mbili, mara moja kwa ajili yangu. Anangoja kupandishwa cheo. Makala hii ndiyo inayokosekana kwenye faili lake. Simlaumu kwa kutaka. Namlaumu kwa "mwanangu."

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeandika jibu la kweli. Maneno mia mbili na kumi. Nukta tano, mishale saba, hatua ya saba haisimami, tunaomba radhi. Nimelihifadhi kwenye simu tu. Kwenye fomu ya mkutano sijaweka kitu.

Nimemweleza Nekesa kwa kutumia vifuniko vya soda juu ya kitanda. Ameelewa haraka kuliko wanafunzi wenzangu wa uzamili.

"Sasa hiyo kofia ya katikati ndiyo shida?"

Ndiyo.

"Na hao wazungu hawajaiona?"

Hawajaiona.

Akaviokota vifuniko vyote, akavitia mfukoni. "Khalasi. Hakuna shida."

Nimecheka mpaka nikalia. Kisha nikalia tu.

Dokta amenitumia ujumbe jioni: atajibu yeye, nisijisumbue, nipumzike. Akaunti ni yetu sote, yeyote kati yetu anaweza kuandika na kufuta. Nimelala na viatu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeamka nikakuta barua ya mfumo. Jibu limepokelewa saa sita kasoro dakika kumi usiku. La Dokta. Aya mbili. Nimezisoma ndani ya basi. Ni nzuri, zinateleza. Anasema hatua ya saba inafuata moja kwa moja kutoka kwenye fasili. Chini yake ujumbe wake kwangu: Dirisha limefungwa. Tumemaliza. Mungu ni mwema.

Hajawahi kupeleka makala huko, ndiyo maana hajui. Mikutano hii haifungi saa sita ya usiku kwetu. Siku inahesabiwa kuwa haijaisha mpaka iishe kila mahali duniani, hadi kwenye kisiwa cha mwisho cha Pasifiki. Alhamisi ya kule inaisha kwetu Ijumaa, saa tisa alasiri kasoro dakika moja. Nilikuwa nalijua hilo tangu mwanzo. Sikumwambia. Wakati wote huo nilijidanganya kwamba nimesahau kumwambia.

Kwa hiyo nilikuwa na mchana mzima. Hakuna wa kunizuia, hakuna wa kunisukuma. Ningependa kuwe na mtu.

Simu zilifurika baada ya swala. Ijumaa familia zinajaa. 1412 wameondoka, chumba kimepewa watu wengine. Saa nane na nusu nikapewa nusu saa yangu. Nikatoa simu kabatini, nikaenda mlango wa mizigo, chini mtandao unakatikakatika. Jua lile. Nekesa alikuwa lindoni, akaniona uso, akanisogezea kiti chake cha plastiki kivulini, akasimama mbele yangu kama anasubiri gari.

Nilikaa na kidole juu ya kioo. Niliwaza Oktoba. Nimeshaijua ile njia ya kutoka kituo cha treni hadi idarani, nimeitembea kwenye ramani ya simu mara nyingi, kuna duka la baiskeli kwenye kona. Niliwaza mama akiwaambia majirani. Nikawaza nimesimama mbele ya ukumbi, slaidi ya hatua ya saba, watu wanaitikia kwa vichwa, na mimi peke yangu ninajua. Baada ya hapo kila kitu kingesimama juu yake.

Nikafuta aya za Dokta. Nikabandika zangu. Nikahifadhi. Saa nane na dakika arobaini na nne.

Mfumo unatuma barua kwa waandishi wote. Dokta alikuwa na dakika kumi na tano za kurudisha yake kama angeiona. Nikabaki nikifungua ukurasa, nafunga, nafungua. Maneno yangu. Maneno yangu. Saa nane na hamsini na tatu akapiga. Sikupokea. Akapiga tena. Badala ya kupiga angeandika, angeshinda. Lakini yeye aliamini dirisha limefungwa, alitaka mimi nimweleze nilipitia wapi. Saa tisa kamili fomu ikawa ya kijivu.

"Umefanya nini?" Nekesa kaniuliza bila kugeuka.

Nikamwambia.

"Woi, Zuhura. Umejipeleka polisi na hata hakuna mtu alikuwa anakutafuta."

Nilirudi chini nimechelewa dakika nne. Rowena ameandika jina langu.

Jumamosi, 12 Aprili

Ujumbe wa Dokta, mmoja: Umejiumiza, na umeniumiza mimi ambaye sikukukosea.

Sehemu ya pili ni kweli, au karibu na kweli.

Sijisikii mwema. Watu husema mtu akifanya haki analala vizuri. Sijalala.

Jumatatu, 28 Aprili

Imekataliwa.

Mhakiki wa tatu ameongeza mistari. Hakuna hata mmoja wetu aliyeliona kosa hili. Mfano wa nukta tano ni mzuri sana. Bila hatua ya saba matokeo makuu hayasimami. Tunawashukuru waandishi kwa uaminifu wao.

Waandishi. Shukrani zimegawanywa sawa kati yangu na Dokta.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeliona. Nimeusoma sentensi kwa sentensi ule mstari mmoja kana kwamba una sentensi nyingi. Ningepita. Ningepita kabisa.

Nimemwandikia profesa mwenyewe kabla hajasikia kwingine. Nimeeleza yote, nimeambatisha nukta tano.

Jumatano, 30 Aprili

Amejibu. Barua ndefu, ya upole. Anaheshimu sana nilichofanya. Mfano wangu atawaonyesha wanafunzi wake. Nafasi, kwa bahati mbaya, jopo limempa mwombaji mwingine ambaye makala yake imepita. Nijaribu tena mwakani.

Atawaonyesha wanafunzi wake. Nukta zangu zitaingia darasani Oktoba, bila mimi. Natumaini zitapata kiti karibu na dirisha.

Nilitaka anitukane. Upole wa watu wale hauna mahali pa kushika.

Alhamisi, 8 Mei

Nimejaza fomu. Miaka miwili. Rowena amefurahi kweli, amenipa chokoleti iliyorudi kutoka chumba fulani. Kwenye mstari wa elimu kulikuwa na nafasi ndogo. Nimeandika sekondari, nisiulizwe kitu.

Mama kauliza safari imefikia wapi. Nimesema imesogezwa.

Dokta hajaandika tena. Nilimtumia salamu, alama mbili za buluu tu: amesoma. Nakikumbuka kile kitasa cha ofisi yake kilichokuwa kigumu, ulilazimika kukiinua kwanza ndipo ukisukume. Nadhani sitakishika tena.

Jumapili, 18 Mei

Zamu ya asubuhi. Joto limeanza hata ndani ya basi. Nekesa kalalia bega langu njia nzima. Tulipofika akatoa kitu mfukoni mwa sare, akanishikisha: vifuniko vitano vya soda. Vilikuwa humo tangu mwezi uliopita, vimefuliwa pamoja na sare mara kadhaa, rangi imetoka.

"Chukua, Prof. Vinanitoboa mfuko."

Nimevipanga kando ya skrini. Rowena kavitazama, akapita.

Simu chache. Wageni wapya wa 1412 wamepiga, mayai na mkate. Nimeandika kwenye kipande cha karatasi kile walichoagiza, nikakibandika ukingoni mwa skrini kwa ajili ya mara ya pili.

Halafu nimegeuza karatasi ya oda, nikachora zile nukta tano upya. Safari hii nikamruhusu mchezaji akumbuke. Si yote. Kitu kimoja tu: mara ya mwisho ulikwenda kushoto au kulia.

Nikamchezesha mpaka saa sita. Hakushindwa.

Juu ya ukurasa mpya nimeandika: Fasili ya kwanza. Kwenye mstari wa mwandishi, jina langu. Mahali pa taasisi nimepaacha wazi.