Salamu Niliyoikata

Mjomba,

Naandika nikiwa nimekaa kitandani kwako, hapa Mhezi, kwenye chumba ulimokuwa ukinisomea tamthilia nami naandika. Usiucheke mwandiko. Ulizoea kusema mwandiko wangu ni wa mtu anayeogopa kuonekana hata na karatasi.

Bibi amegawa makoti yako. Redio kachukua mama. Kaunta buku zako za tamthilia nimezificha ndani ya gunia la mahindi, maana Bibi alishachana kurasa mbili kuwashia moto. Sikuthubutu kumsema. Nilizitoa tu jikoni, kimya kimya.

Wiki mbili baada ya kukuzika, Dada Rukia alipiga simu kutoka Same. Unamjua mwongozaji wako, hazunguki. Alisema, "Pole sana, mdogo wangu. Waigizaji wangu wanasubiri sehemu ya mwisho. Jumamosi njoo uwasomee. Kama mzee hakuacha mwisho, nampa mtu wa Dar amalizie."

Mtu wa Dar, Mjomba! Ndiva yetu ya kumwagilia mashamba angeiona bwawa la kuogelea. Angejuaje kwamba maji yakifunguliwa kabla ndiva haijajaa, yanaishia njiani na shamba la chini halipati kitu? Na tamthilia yako yote imesimama hapo: nani anafungua ndiva mapema, mpaka mahindi ya yule mjane yanakauka?

Nami sikujua. Hukuniambia. Ulisema siri nayo ni ndiva, ukiifungua mapema haifiki chini.

Nilizisoma zile kaunta buku mara tatu. Niliposoma onyesho la kwanza nililowahi kukuandikia, nikaona aibu upya. Jirani anakuja kumwambia mjane kwamba mahindi yamekauka, nami nikaandika ukurasa na nusu wa shikamoo, marahaba, za kutwa, watoto hawajambo, ng'ombe hawajambo, mvua je huko kwenu. Ulichukua kalamu ukapiga mstari kutoka juu hadi chini. Nikasema, "Mjomba, ataonekana hana adabu." Ulicheka mpaka ukakohoa. "Nakunda, mtazamaji ameshika rimoti. Ingia mambo yakiwa yameshaiva. Salamu ibakize pale tu itakapouma."

Itakapouma. Sikukuelewa. Niliandika tu pembeni, kama mwanafunzi.

Kisha, katika sehemu ya nne, nikakutana na viatu. Viatu vya shule vyenye tope, mlangoni kwa mjane, siku ambayo mvua haikunyesha. Niliviandika kwa mkono wangu nikidhani ni pambo. Nikasimama peke yangu hapa chumbani: tope lile ni la ndiva. Kumbe si shemeji wa mjane, ambaye kijiji kizima kinamshuku. Ni Upendo, binti yake mwenyewe! Alitaka shamba life ili mama yake akubali wahamie mjini. Ulikuwa umetuonyesha tangu mapema, na hakuna aliyeona.

Nikaandika mwisho. Jana nikashuka nao Same.

Ukumbi ulikuwa na joto, upepo unagonga mabati, na watu kumi na mmoja wananitazama. Nilisoma mistari miwili, Kaka Hamisi, anayeigiza shemeji, akasema, "Dada, sauti umeiacha mlimani?" Wakacheka. Mjomba, nilitaka kukimbia. Nilishika kaunta buku kwa mikono yote miwili nikaendelea, mpaka pale mjane ameshaviona viatu. Anachambua maharage. Upendo anaingia, anamwamkia. Mama haitikii. Mwisho.

Dada Rukia akauliza, "Halafu?"

"Basi."

"Basi vipi? Watu wamesubiri sehemu kumi na mbili. Mama alie! Amlaani! Aseme kitu!"

Shule nzima sikuwahi kunyoosha mkono, unajua. Niliona kabisa kaunta buku ikienda Dar. Nikasema, na sauti ikapasuka, "Akisema, watu watapumua. Tuijaribu kwanza, Dada. Mara moja tu."

Akawapungia waigizaji mkono waanze.

Bi Zaituni, anayeigiza mjane, akaketi na ungo wake. Msichana anayeigiza Upendo akaingia. "Shikamoo, mama." Maharage yakasikika kwenye ungo. Akangoja. "Shikamoo, mama." Bi Zaituni akaokota jiwe moja, akalitupa pembeni, akaendelea kuchambua. Nikawa nahesabu pumzi zangu, nikiwaza, imeshindikana, imeshindikana.

Mama anayewaletea chai alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake. Akashindwa kuvumilia. "Jamani, si umwitikie mtoto!"

Hakuna aliyecheka. Yule msichana alikuwa analia kweli, na haikuandikwa alie.

Dada Rukia akafunga kalamu yake. "Iache hivyo hivyo. Jina la mjomba wako litatangulia, lako lifuate."

Nilifurahi, mpaka gari lilipoanza kupanda kona za kurudi nyumbani. Hapo ndipo salamu iliponiuma mimi.

Ile asubuhi yako ya mwisho nilikuletea uji. Nilikuwa nimeota tamthilia, nikaingia na swali mdomoni: "Mjomba, nani anafungua ndiva?" Hata kikombe sijakiweka. Ukatabasamu. Ukasema, "Umejifunza kuingia. Kanywe chai kwanza, nitakuambia." Nikanywa chai, nikaenda kuteka maji. Niliporudi, uani palikuwa pamejaa watu.

Sikukuamkia, Mjomba. Siku zote nilikuamkia, isipokuwa ile. Niliikata salamu yako kama ninavyoikata kwenye karatasi, na hukunikemea.

Nisamehe. Nitaendelea kuandika, nakuahidi, na nikitakiwa kusimama mbele ya watu nitasimama. Kwenye karatasi nitakata kila kisichouma. Lakini mlangoni kwa mtu aliye hai sitakata tena, hata nikiwa na haraka kiasi gani.

Nimeweka kikombe chako cha uji dirishani. Nimerudi mlangoni, nimeingia upya, polepole.

Shikamoo, Mjomba.

Nakunda