Samaki Wawili wa Akiru

Malaba, Jumapili

Kwa Baba yangu,

Habari za hapo Port Victoria? Goti limepoa, au bado unalikanda kwa maji moto kabla ya kwenda kwa mashua? Huku mwili ni mzima. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu habari hii nikiisema kwa mdomo nitakata simu katikati. Nimeona aibu, Baba.

Hapa kwa Mama Akiru, ninakofanya kazi ya nyumbani, kuna tangi dogo la kioo sebuleni. Lilikuwa na samaki watatu wekundu wa kufugwa, wa Akiru, binti yake wa miaka minane. Siku ya kwanza mama alianza kunielekeza, nikamkatiza: "Mama, mimi nimezaliwa ziwani. Samaki nitafundishwa?" Nikataja hata jina lako.

Basi nikalisogeza tangi dirishani wapate jua, na kila nikisonga ugali nawarushia matonge. Wiki mbili tu, kioo kimeshika utando wa kijani, samaki huwaoni. Mama alipouliza nikacheka, eti kwetu maji yakiwa kijani samaki wameshiba. Kisha akasema wageni wanakuja kutoka Angurai, kioo king'ae. Aki Baba, nililisugua kwa sabuni ya unga kama sufuria, nikasuuza mara moja, nikajaza maji ya mfereji. Kufika saa nane mchana wawili walikuwa wanaelea.

Hilo silo linaloniuma zaidi. Mama alimgeukia Akiru: "Ni wewe, unawalisha ovyo!" Mtoto akaapa, akalia, hata wageni hakuwasalimia. Mimi nilikuwa pale pale na sinia la chai. Nikawamiminia wageni chai. Siku tatu nilinyamaza, nikimwona akichuchumaa kando ya tuta la sukuma wiki, alipowazika.

Siku ya nne niliwaita sebuleni. Nikasema yote mbele yao wawili. Mama hakunifokea. Alisema tu, "Na ukamwacha mtoto alie?" Akiru naye akaniuliza, "Auntie, baba yako ndiye alikufundisha sabuni?" Nikamwambia hapana, baba yangu hata hajui nilichofanya. Ndiyo maana nimekuandikia, ujue.

Sasa tangi liko mbali na dirisha. Yule aliyebaki anapewa chakula kidogo, mara moja kwa siku. Kila Jumamosi mimi na Akiru tunafuta kioo kwa kitambaa kisichojua sabuni, tunatoa robo ya maji, tunaongeza yaliyolala kwenye ndoo hadi dawa ya mfereji ikaisha. Ule ukijani umepungua sana.

Nisalimie Mama, na shangazi anayeanika omena, na babu ambaye hunisifu kwa watu kanisani. Wakiuliza kama bado nawafundisha watu wa Malaba mambo ya samaki, waambie ukweli: kabla sijagusa tangi, Akiru hushika mikono yangu yote miwili na kuinusa.

Binti yako,
Ajiambo