Dakika Arobaini na Tano kwa Ndege

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua cha mtoto kimetulia. Mimi mwili hauna neno, ila roho imechafuka. Tangu nipokee barua yako nakula kwa kujilazimisha.

Nimeisoma mara tatu. Unasema uliliacha basi la Jumatatu kwa sababu mtandao ulikuambia kwamba kutoka kiwanja cha ndege cha wilaya jirani hadi cha mjini ni kilomita mia mbili na themanini, dakika arobaini na tano tu. Ukamvalisha Baba koti lake la harusini, ukampeleka Jumatano asubuhi ili mkate tiketi hapo hapo. Mkakuta geti lina kutu, mahindi yameanikwa kwenye njia ya kurukia ndege, na mlinzi akawaambia ndege ya mwisho ilitua pale yeye akiwa bado na nywele. Mlipofika mjini kwa basi lililofuata, Ijumaa jioni, daktari bingwa wa macho aliyekuja kwa wiki ile tu alikuwa ameshafunga virago kurudi kwao, na jicho moja lililombakia Baba halikusubiri. Ukaniomba mimi, ninayefanya kazi ya mambo ya ndege, nikutafutie aliyeandika uongo ule umtemee mate usoni.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana nyumbani mnajisifu nayo, nami nimewaacha mjisifu. Ndege sijaigusa. Tuko watu tisa katika chumba kimoja juu ya duka la magodoro, choo hakina maji, na vitufe vya kompyuta vinanata jasho la aliyekaa kabla yako. Tunapewa viwanja viwili. Tunapima mstari ulionyooka kwenye ramani, tunagawanya kwa mwendo wa ndege, tunajumlisha dakika za kupaa na kutua, tunapamba kwa maneno matamu ya safari njema. Kurasa arobaini za mtandaoni kwa siku. Kama kuna ndege inayoruka, hakuna anayeuliza. Mimi niliuliza mara moja. Bosi wetu, tunayemwita Tabasamu, alisema msomaji ametaka umbali na sisi si wauza tiketi. Wenzangu wakaangua kicheko. Nami nikacheka nao, Dada, na kicheko hicho kinanitia kinyaa kuliko kile choo.

Mtu unayemtafuta nimempata. Ukurasa ule niliuandika mimi, huku natafuna karanga. Wala usiseme sikujua. Kiwanja kile kiko ng'ambo ya uzio wa shule ya bweni niliyosoma. Nilikaa pale miaka minne, sikuona ndege hata moja.

Jana nilimwomba Tabasamu ukurasa ufutwe. Alinipigapiga begani akasema unasomwa sana, akanipa viwanja vingine ishirini. Niliondoka bila kuaga, lakini ukurasa bado upo.

Msalimie shemeji na watoto wote. Baba usimpe salamu zangu kwanza. Msomee barua hii yote, polepole, usiruke mstari, kwa kuwa kuisoma mwenyewe hawezi tena. Kisha uniandikie alichosema, hata kama hakusema kitu.

Ni mimi, mdogo wako.