Maji ya Chumvi ya Mama Kuluthumu

Jumatatu, 16 Aprili 1956

Leo docteur amemng'oa Mama Kuluthumu meno yote mabovu. Mimi, muuguzi wake, nilishika beseni. Maskini, hakulia hata kidogo!

Ana kansa ya shavu. Anapelekwa Léopoldville kuchomwa kwa mionzi. Lakini ufizi lazima ufunge kwanza — baada ya mionzi mfupa ukiwa na kidonda hauponi, unaoza. Ndege ni tarehe thelathini. Kazi yangu: asukutue maji ya chumvi kutwa nzima.

Jioni nimetazama ukungu ziwani mpaka maharagwe yakaungua. Léonie wewe!

Jumatano, 18 Aprili

Hasukutui! Ni Ramadhani, amefunga. Nikasema mgonjwa ameruhusiwa kula. Hata mumewe Hassani, dereva wa kamyo, amesema hivyo. Mama amekataa:

"Mutoto wangu, pengine ni Ramazani yangu ya mwisho. Niiache namna gani? Maji ikiponyoka kwa koo, siku yangu imeharibika."

Na mimi niliacha sukari Kwaresima, nikashindwa wiki ya pili!

Nimeota meno yake yamepandwa bustanini kwetu kama mahindi, yanachipua. Nampenda mama huyu. Naogopa.

Ijumaa, 20 Aprili

Nilikuwa nimezubaa mlangoni pa wodi, nasikiliza tu sauti ya maji ya birika. Mama Kuluthumu anatawadha. Mikono — kisha kinywa. Anasukutua! Anatema! Na kila sala ni hivyo hivyo!

Nikamrukia: je, hayo hayaharibu saumu?

"Hapana. Ile ni ya udhu, natema."

Basi tuyatie chumvi kidogo, mama! Akaweka birika chini. "Uko mujanja, we Léonie." Akamtuma Hassani msikitini kuuliza.

Jibu limekuja: inafaa, mradi asukutue polepole. Nimechemsha sufuria nzima huku naimba.

Alhamisi, 26 Aprili

Ufizi unafunga. Umekuwa wa waridi. Siku zinaelea tu, na mimi ndani yake. Furaha!

Jumatatu, 30 Aprili

Naandika kwenye korido.

Docteur amekagua kinywa. Hakuna shimo. Akabonyeza nyuma kabisa, palipong'olewa gego la mwisho. Kiswahili chake kinaishia kwenye "fungua kinywa", kwa hiyo mkalimani ni mimi. Akaniambia: muulize kama inauma.

Mama Kuluthumu alikuwa amenishika kidole. Alikibana mpaka kikafa ganzi.

"Muambie hapana. Uvimbe iko nakomea, iko nakuwa mukubwa kila siku. Ndege ikiniacha, nitakufa hapa."

Jinsi nilivyotaka kusema hapana! Lakini kama ndani bado kuna kidonda, mionzi itauozesha mfupa.

"Inauma, docteur."

Akakiachia kidole changu.

Docteur ameomba taa, ametazama tena, ameenda kwenye simu kuuliza kama ndege inayofuata ina nafasi. Nje kamyo ya Hassani inanguruma, sanduku liko juu tayari. Mama Kuluthumu amekaa kwenye benchi hilihili, kando yangu, amejifunika kanga hadi machoni. Nimemwita, amegeukia ukutani. Ndani docteur anaitikia oui, oui, kisha anaweka simu chini —