Sumaku Yangu Si Mbovu

Thoiry, Ufaransa
8 Machi 2018

Mpendwa Shangazi Léonie,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi hadi huko Numea. Magoti yanaendeleaje? Baba anasema sasa unapanda ngazi bila fimbo, nami nimefurahi kweli. Sisi ni wazima, ila mimi hasira zimenifika kooni, na nisipokuambia wewe nitapasuka.

Unaikumbuka ile sumaku ya kupinda njia ya chembe zinazokimbia kwenye mtambo ulio chini ya mashamba yetu? Nimeisanifu miaka sita. Wiki iliyopita tuliizamisha ndani ya heliamu ya kimiminika, yenye baridi kupita barafu yoyote, ikapoa kabisa, tukaanza kupandisha umeme.

Ikazimika. Shangazi, sumaku hizi lazima zizimike mwanzoni! Waya mmoja husogea kidogo tu, hupata joto, na umeme wote hutolewa upesi. Tunaipoza, tunaanza upya, nayo hupanda zaidi kila mara, maana nyaya zimeshakaa vizuri. Mzee Burdairon, fundi aliyezisuka, huleta keki ya tufaha sumaku mpya ikizimika mara ya kwanza. Ndiyo desturi yetu.

Sasa tumeletewa mkurugenzi mpya, Bwana Chapotel, mtu wa makaratasi. Ilipozimika mara ya tatu akasimama.

"Imeharibika mara tatu, na nyinyi mnakula keki?"

"Inajifunza, bwana," Burdairon akamjibu. "Kwani wewe ulizaliwa unatembea?"

Watu wakaangua kicheko, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichotuponza. Akaamuru sumaku itolewe na kukatwa vipande Jumatatu, litafutwe kosa la msanifu. Kosa gani? Mara ya kwanza ilifika asilimia themanini ya nguvu yake, ya tatu tisini na tatu! Asiyejua maana haambiwi maana.

Jana kaniletea ripoti nikiri kwa sahihi yangu kwamba mchoro ni mbovu.

"Tia sahihi, Ghislaine, au usahau mradi."

Mimi nikiri uongo? Mahali pa sahihi nikaandika: "Ijaribiwe mara ya nne." Burdairon akatia jina lake chini, na mafundi wote wakafuata. Tukaipeleka ripoti kwa wakubwa wa Chapotel.

Nisalimie Hervé na wanawe. Mungu akuzidishie siku zenye afya.

Karibu nisahau mwisho wake: leo asubuhi wakubwa hao wamenijibu. Nimeondolewa kwenye mradi, na haki yangu nitaidai. Lakini msumeno wa kuikata umerudishwa stoo, na sumaku inapozwa tena.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na hasira zangu zote,
Ghislaine