Amplifaya ya Marehemu Baba

Kaka Asuman,

Salamu kutoka Arua. Mihogo yetu ya shamba la Dadamu imeozea kwenye mvua.

Leo fundi Jale amewasha amplifaya ya marehemu Baba, iliyolala stoo miaka mingi. Aliifuta vumbi, akapitisha umeme kwenye balbu kwanza. "Kama ndani kuna shoti, balbu itawaka sana, mashine haitaungua," alisema. Balbu iling'aa kidogo, ikafifia; hapakuwa na shoti. Kisha muziki ukatikisa madirisha.

Mama alikuwa ameketi karibu na spika, akichambua maharage. Hakugeuka. Nilipomgusa bega, alimuuliza Jale, "Bado iko mbovu?"

Kaka, ukipiga simu anajibu "nzuri" kwa kila neno kwa sababu hakusikii. Usitume salamu tena. Njoo akuone.

Dada yako anayekungoja,
Bushira